Padi ya Mgeni

Weris Jama alikuwa muuza maziwa katika soko la Garissa, mjane wa mtaa wa Bulla Iftin, na mama wa mtoto mmoja tu, Ayanle. Mtoto huyo mmoja naye akaenda zake Nairobi, mtaa wa Islii, kuuza nguo dukani kwa mjomba wake. Watu wakamwambia Weris amshukuru Mungu, kwani wako ambao wana wao wameenda mbali zaidi na hata salamu hazifiki. Akashukuru. Lakini shukrani haikai na mtu jioni ikamuuliza siku yake ilikuwaje. Upweke ni uvundo, walisema wahenga, na Weris alikuwa akiusikia humo humo nyumbani mwake.

Idd ya mwaka wa tisini na saba Ayanle alikuja na boksi. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu na padi moja, kile kidude chenye vitufe cha kushika kwa mikono miwili, ambacho waya wake huchomekwa kwenye mashine. Akaiunganisha na televisheni, akamfundisha mama yake kucheza mpira wa kwenye kioo, wakacheka mpaka machozi, na siku ya tatu akapanda basi.

"Hii itakuliwaza, hooyo," alisema mlangoni.

"Nenda salama, hooyo," akajibu Weris. Wasomali wamejaliwa neno hilo: mwana humwita mama yake hooyo, na mama naye humwita mwanawe hooyo, likienda na kurudi kati yao. Mashine yenyewe Weris aliifunika kitambaa, akarudi kwenye maziwa yake.

Mwisho wa mwaka ule mvua ikanyesha kama haijawahi kunyesha. Barabara ya Nairobi ikakatika, mifugo ikapukutika kwa maradhi, na watu wakaogopa hata kunusa maziwa. Weris akabaki nyumbani na madumu matupu. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Akapanga vyombo, akavipangua. Mwishowe akaondoa kile kitambaa, akawasha mashine.

Tuseme haki: padi ile ilikuwa na raha yake. Ilikuwa na pembe mbili za kushikia, nazo zilikaa kiganjani vizuri hata Weris akasema aliyezichonga kalelewa na mama. Lakini vile vitufe vinne vya kuelekeza vilitengenezwa na mtu mwingine, tena siku aliyoamka vibaya. Kingo zake zilikuwa ngumu, zikala kidole gumba cha kushoto mpaka kikatoka lengelenge. Waya nao ulikuwa mfupi, ukamlazimu kukaa pua kwa pua na televisheni. Kwa joto la Garissa mikono ikitoa jasho, padi iliteleza kama ini bichi. Na kitu gani hicho, alijiuliza, kinachompa mkono wa kushoto kazi ya kuongoza, na wa kulia, wa kulia chakula na kusalimia watu, kazi ya kugonga tu?

Alipochoka kuumia alibuni mbinu. Akakunja kidole na kubonyeza kwa kifundo, vile vile alivyokuwa akikamua mbuzi utotoni kwao Ijara. Lengelenge likapona, na vijana wa kwenye kioo wakaanza kumtii.

Sasa akataka mwenzake wa kucheza naye. Akanunua padi ya pili sokoni, ya bei ya chini, inayofanana na ya kwanza kwa sura tu. Plastiki yake ilikuwa na mshono mkali unaokata kiganja, na kitufe cha kwenda juu kilikuwa kinanasa. Mchezaji wake akianza kukimbia alikimbia tu, hata akitoka uwanjani. Nyumba ikawa na padi nzuri na padi mbaya, na hapakuwa na haja ya kuuliza nani anashika ipi. Nyama ya nundu ni ya mgeni, mto laini ni wa mgeni, na padi nzuri pia ni ya mgeni. Mwenye nyumba na wa nyumbani hushika kilichobaki.

Jirani yake Arbia alikuja jioni kadhaa. Akapewa padi nzuri, akashinda. Akaja tena, akashinda tena. Mara ya nne alishinda huku akipiga miayo, na baada ya hapo akawa ana wageni, ana mafua, ana nguo za kufua. Nani atamlaumu? Kumfunga mtu asiyeweza kugeuka hakuna utamu.

Weris akaamua kuitibu ile mbaya. Akayeyusha samli, akaidondoshea kwenye vitufe. Kwa siku moja mambo yalikuwa mazuri kabisa. Siku ya pili vumbi likaganda, na siku ya tatu ukaja msafara wa sisimizi. Akaipeleka kwa fundi wa redio, Mkamba mmoja mpole aliyekuwa na kibanda karibu na soko.

"Fundi, ile badi ingine iko nzuri, hii nauma kidole yangu."

Fundi akaifungua, akanusa. "Mama, umeweka nini humu?"

"Samli."

"Samli?"

"Samli ni dawa ya kila kitu. Ngozi ikikauka, samli. Mguu ikibasuka, samli."

"Basi hii imeshiba, mama. Na sisimizi wameshiba pia." Akaisafisha kwa spiriti, lakini kitufe kikaendelea kunasa. "Wewe shika ile nzuri," akamshauri. "Hii mpe mgeni."

Weris akamtazama fundi kama anayemtazama mtu aliyelelewa na fisi, akachukua padi yake na kuondoka.

Fundi hakujua kitu kimoja, na Weris asingemwambia. Yeye hakutaka kushinda. Alitaka siku moja Ayanle aingie, azikute padi mbili mkekani, ampokonye ile mbaya. "Lete hiyo, hooyo. Kwani mimi ni mgeni?" Maneno hayo tu. Alikuwa akiyasikia anapopika, anapotawadha, na moyo wake ulikuwa ukimuuma kwa kuyangoja.

Idd ndogo barabara ilikuwa bado maji matupu. Idd ya kuchinja Ayanle akafika, amenenepa kidogo, saa mpya mkononi, ananukia manukato ya dukani. Akala, akasifu chakula. Alisifu hata chumvi. Weris akatandika mkeka mbele ya televisheni, akaweka padi zote mbili katikati, akakaa. Akanyoosha mkono kwenye ile mbaya taratibu sana, ili mtu apate nafasi ya kumzuia.

Ayanle akachukua ile nzuri. "Ahsante, hooyo," akasema kwa adabu.

Wakacheza. Akashangaa mama yake anavyojua mpira, akasema lazima awasimulie wenzake dukani. Mchezaji wa Weris akakimbia juu, akatoka nje. Ayanle akacheka, akafunga bao. Hakuuliza kwa nini mama yake anabonyeza kwa kifundo, wala hakuona mshono ulivyomchora kiganja.

"Hooyo, naomba maji ya kunywa, kama si usumbufu," akasema baadaye.

Mtungi ulikuwa palepale nyuma yake, na kikombe juu yake. Ayanle alikuwa akijitekea maji humo tangu hajajua kusema maji. Weris akainuka, akamtekea, akampa kwa mikono miwili. Akasimama hapo akimwangalia anavyokunywa.

Kabla ya magharibi Ayanle akasema atalala lojing'i, kwenye vyumba vya kulipia, na rafiki zake, kule kuna feni, na asubuhi basi linaondoka mapema. Alitoa zawadi: leso, viatu, sukari. Weris akamsindikiza mpaka getini. Ulimi wake ulitafuta neno la kumwambia, akakuta lililopo mdomoni ni lile alilokuwa akiwaambia watu wote waliopita nyumbani kwake, lakini mwanawe hakuwahi kumwambia tangu amzae.

"Karibu tena," akasema.

Ayanle akashukuru, akaenda.