Picha ya Shamba la Lanet

Binti yangu, anayetunza wazee wa watu huko Athens, alinitumia tiketi ili kwa muda mfupi atunze wa kwake. Akanipeleka kuona magofu. Nikaona nguzo, nikaona nyumba zisizo na paa, nikajitahidi kushangaa. Kwetu Lanet nyumba zisizo na paa zimejaa, wala hutozwi kiingilio. Wenyewe tu waliishiwa pesa.

Hayo yalikuwa makaburi ya kale, na kando yake wamejenga jumba la makumbusho ili mawe ya marehemu yasinyeshewe. Mama yake binti huyu amenyeshewa tangu tumzike shambani, na mimi nikapanda mahindi hadi juu yake. Yalizaa vizuri.

Nilikuwa na jambo langu. Nilitaka kuuza shamba hilo, na mnunuzi hakutaka kusikia lolote kabla binti hajakubali. Tangu uwanja wa ndege nilikuwa namngoja achangamke ndipo niseme.

Akachangamka mbele ya jiwe moja. Limechongwa mama ameketi, mzee amesimama, wameshikana mikono. Binti akanieleza kwamba mama ndiye aliyekufa, na mumewe anamuaga. Nami nikanyoosha mkono nimsalimie, maana kwetu humpiti mama wa watu hivi hivi. Mlinzi, mwanamke wa makamo, akanifokea kwa Kigiriki. Sikuelewa neno hata moja, lakini nimekuwa na mke. Sauti ile naijua.

Binti alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaomba kuona kaburi la mama yake. Kwenye simu nilikuwa na picha moja tu ya shamba, aliyoipiga broka kwa ajili ya wateja. Nikampa. Akaikuza kwa vidole, akaisogeza huku na huku.

"Baba, mama yuko wapi hapa?"

Ningeweza kudanganya, kazi hiyo nina uzoefu nayo.

"Yuko nyuma ya mpiga picha," nikasema. "Wanunuzi hawapendi kuona kaburi."

Akanirudishia simu, akaendelea kulitazama lile jiwe. Jambo la kuuza shamba sikumwuliza tena.

Niliporudi nilimwita broka apige picha nyingine, asimame upande wa pili. Akasema, "Mzee, na hii hutauza hata kipande." Nikamwambia asogee kidogo, mahindi nimeshayakata, msalaba unaonekana, jina linasomeka.

Picha nikaituma Athens. Binti amejibu neno moja: nimeona.