Mafuta ya Mawese kwenye Ukingo wa Mkanda

Nilitaka kuoa, nikaambiwa nitengeneze mkanda. Nikiwasimulia wajukuu wanadhani nawatania, lakini ndivyo ilivyokuwa, hapa Baraka, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, nilipokuwa mwalimu kijana wa darasa la kwanza, mwenye viatu vyeusi, mwavuli na maringo tele. Mikono yangu haikuwahi kushika kitu kigumu kuliko chaki.

Baba wa msichana niliyempenda alikuwa fundi wa ngozi. Alifanya kazi barazani kwake. Wachungaji wa mlimani waliposhuka na ng'ombe wao walimletea ngozi, naye akaziloweka kwenye maji ya magome mpaka zikapata rangi ya chai, kisha akatoa viatu, ala za visu na mikanda. Mjomba wangu alipokwenda kumweleza nia yangu, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Ule mwalimu, mikono yake inajua nini?"

Mjomba akasema inajua kuandika.

"Kuandika ni ya kichwa. Aniletee mukaba ya mukono yake mwenyewe, si ya duka. Nikiupenda, tutaongea."

Mukaba ndio mkanda, kwa lugha ya huku kwetu. Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba mfanyabiashara mmoja wa samaki kutoka Kazimia naye alikuwa amekwisha kuuliza, na angekuja kuchukua jibu baada ya Jumapili tatu.

Mimi nilicheka. Mkanda ni nini? Ni kipande cha ngozi chenye matundu matano. Nilijiona nimekwisha oa. Nikaenda sokoni, nikanunua ngozi ya kwanza niliyoiona, nikaikata kwa wembe nikifuata rula ya shule, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto, nikafunga bizimu, kile chuma cha kufungia. Jioni hiyo hiyo nilikuwa nimemaliza, nami nikauvaa nikatembea nao chumbani peke yangu, mbele na nyuma.

Hitilafu ilikuwa moja tu: kingo. Pale wembe ulipopita, ngozi iliacha nyuzinyuzi nyeupe, kama mtu aliyenyolewa vibaya. Nilizichoma kwa kibiriti, zikanuka na kuwa nyeusi huku na huku. Basi nikafanya ambalo mtu yeyote wa huku angefanya. Kwetu mlango ukilia, unapakwa mawese. Ngozi ya mtoto ikipauka, mawese. Mpini wa jembe ukikauka, mawese. Nikachovya kidole katika chupa, nikapaka kingo zote mbili, mara tatu. Nyuzi zikalala, ukingo ukang'aa, mwekundu, mzuri ajabu. Nilijisifu mpaka nikashindwa kula.

Sasa, yule mzee alikuwa na namna yake ya kuujua mkanda. Hakutazama bizimu wala mshono. Alifumba macho, akaupitisha ukingo kwenye mdomo wake wa chini, polepole, kutoka ncha hadi ncha. Alisema jicho hudanganywa na rangi, mdomo haudanganyiki. Mimi sikulijua hilo. Na Jumapili ile ya kwanza alikuwa anatoka Fizi, ambako alikuwa ameitwa kwenye biro ya teritware, ndiyo ofisi ya serikali, akafika nyumbani watu wakiwa tayari wanaingia kanisani. Mimi nilikuwa nimemsubiri njiani tangu asubuhi. Akaupokea mkanda, akafumba macho, akaanza kuuinua kuelekea mdomoni.

"Baba, kengele imekwisha lia," nikasema, na kwa kiherehere changu nikamfunga mwenyewe kiunoni, mbele ya watu, juu ya shati lake jeupe la Jumapili.

Alikuwa mzee wa kanisa, mbeba kapu la sadaka. Siku hiyo joto lilikuwa kali na mahubiri marefu. Ngozi ilipopata joto la mwili wake ikaanza kuyatema yale mafuta. Aliposimama na kapu, nilikuwa benchi la pili, nikaona mstari mwekundu umemzunguka kiuno mbele hadi nyuma, kama mtu aliyefungwa kamba mbichi ya damu. Akapita benchi kwa benchi. Kila alipopita, watu waliinamisha vichwa, si kwa sala. Nilitamani ardhi ipasuke. Waimbaji walishindwa kabisa kuanza wimbo kwa kicheko.

Mzee akamaliza kukusanya sadaka. Alipofika nyumbani akavua. Siku ya tatu nikaletewa kifurushi shuleni: shati lile, limekunjwa vizuri, mstari ungali mwekundu, na mkanda wangu juu yake. Aliyeleta akasema, "Mzee anasema, mwalimu asome." Nilikifungua mbele ya darasa zima, mjinga mimi.

Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika na mzee, na ngozi, na mawese, na yule mtu wa Kazimia ambaye sikuwahi hata kumwona. Nikauvunja mwavuli wangu gotini. Jioni nikaenda ziwani kunawa uso, na yule msichana alikuwa pale akichota maji. Hakunitazama, maana watu walikuwepo. Alisema huku akijitwisha ndoo.

"Mi sipendi kwenda Kazimia. Lakini baba akisema, amesema. Basi fanya nguvu."

Maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine, au tuseme mtu yule yule ila mwenye woga, na woga ulinifaa kuliko maringo.

Kesho yake nikapeleka shati kwa mama wa yule msichana kuomba radhi. Huyu mama alinipenda siku zote. Nilikuwa bado jirani tu, mtoto wa watu, basi alinikaribisha jikoni kama kawaida, akanipa kigoda, akaendelea kukata bamia.

"Ile mafuta haitoke, mwalimu. Nimelipiga sabuni mpaka mikono inaniuma." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Ulipaka mawese kweli? Wewe uliyesoma?"

Nikasema nilitaka ukingo ung'ae.

"Mafuta inaingia, haikauke. Unatafuta kitu yenye kuingia na kukauka."

Alisema hivyo bila kufikiri, na mimi nilikuwa nikitazama kisu chake. Ule ute wa bamia ulikuwa unamtiririka vidoleni, unashuka kwenye mpini. Mpini wa mti tu, wa kawaida, lakini ulikuwa laini na wenye kung'aa kila mahali alipoushika, na pale ute wa asubuhi ulipokaukia ulikuwa kama umepakwa kioo. Miaka mingapi ya bamia ile? Nikauomba, nikaupitisha mdomoni mwangu, kama mzee alivyotaka kufanya na mkanda. Haukukwaruza popote.

Nikainuka. Nikachota konzi mbili za bamia zake, nikatoka mbio. Nyuma yangu nilimsikia akipiga kelele kwamba mwalimu ameiba mboga ya watu.

Zilibaki siku kumi, nami sijapata tena kuishi kwa namna ile. Nilipotoka shule nilikimbia. Kwanza nikaenda kwa wachungaji, nikamwuliza mmoja wao, mtu mrefu mpole, kwa nini ngozi yangu ilikuwa na nyuzi nyingi. Akaishika, akaivuta, ikanyumbuka. "Hii ni ya tumbo," akasema. "Tumbo inalegea. Kata ya mugongo." Akanichagulia ya mgongo, iliyokwisha lowekwa, nzito, iliyoshikamana, na nilipoikata ukingo ulitoka umefungana kama ubao.

Halafu pembe. Ukingo uliokatwa una pembe mbili kali, juu na chini, na pembe hizo ndizo zinazofumuka. Nikajaribu kuziondoa kwa wembe, nikakata kidole. Nikajaribu kipande cha chupa, kikakwangua hapa na kuruka pale. Kisha nikauona mwavuli wangu uliovunjika pembeni. Mbavu zake ni chuma chembamba kilichokunjwa mfano wa mfereji. Nikakata ubavu mmoja, nikaunoa ncha kwenye jiwe, nikauweka kwenye pembe ya ngozi, nikausukuma mbele. Uzi mwembamba wa ngozi ukatoka, ukajikunja, ukaendelea kutoka, mrefu, bila kukatika, mpaka mwisho wa mkanda. Niliruka. Nilikuwa peke yangu chumbani nikaruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye mti wa paa.

Baada ya pembe, nikalowesha ukingo kwa maji kidogo na kuusugua na majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, mpaka ukawa mviringo. Ndipo bamia. Niliziponda ndani ya maji, nikachuja kwa kitambaa, nikapaka ute kwa kidole, kidogo, nikingoja unywewe. Kisha nikachukua kipande cha mpini wa jembe nilichokitia mfereji kwa msumari wa moto, nikaushika ukingo ndani ya mfereji ule na kusugua, mbele na nyuma, haraka, mpaka mti ukawa na joto mkononi. Mwanzoni unasikia mkwaruzo. Baadaye mkwaruzo unapungua. Halafu ghafla mti unaanza kuteleza na kutoa mlio mdogo, na hapo ndipo unajua nyuzi zimelala na kushikana. Nilipousikia mlio ule mara ya kwanza nilimwita jirani aje asikie. Hakuelewa kitu, maskini, akarudi kwa uji wake.

Nikapaka tena, nikasugua tena, mara tano. Mwishoni nikachanganya nta ya nyuki na masizi ya sufuria, nikaipitisha ikiwa ya moto, nikaifuta kwa kitambaa cha kaki. Ukingo ukawa mweusi, mgumu, laini. Nilibeba mkanda ule shuleni. Watoto walipokuwa wakisoma kwa sauti mimi nilisugua chini ya meza, na siamini kama nilisikia kosa hata moja walilofanya.

Sehemu moja sikuimaliza. Karibu na bizimu, ngozi inapojikunja, palikuwa na upana wa kidole ambapo mti wangu haukuingia vizuri. Nilipajua. Niliogopa nikilazimisha nitachana mshono, basi nikasogeza kitanzi cha ngozi kinachoshika ncha ya mkanda, kikapafunika. Nikajiambia nani ataona.

Jumapili ya tatu, baada ya kanisa, nilikwenda na mjomba. Mzee alikuwa barazani, amevaa shati jeupe jipya. Majirani wawili watatu walikuwa wamejikalisha karibu, maana habari za shati zilikuwa zimefika hadi Swima. Nikampa mkanda kwa mikono miwili. Akafumba macho. Akauweka mdomoni.

Nilimwona akipita na ukingo wa juu, polepole, na uso wake haukubadilika. Akageuza, akaanza wa chini. Akafika kwenye kitanzi. Akakisogeza kwa kidole gumba, akapita pale, akasimama. Akarudi nyuma. Akapita tena. Akafumbua macho.

"Hapa, uliona?"

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba hata mikanda ya Ulaya haimalizwi pale. Nikakumbuka ndoo ya maji ziwani.

"Niliona, baba."

"Juu ya nini uliacha?"

"Niliogopa kuharibu."

Akanirudishia mkanda. "Basi malizia. Tuko hapa."

Nilikuwa na kipande cha mpini mfukoni, maana wiki zile sikuachana nacho, lakini sikuwa na ute. Kabla sijasema kitu, yule msichana akatoka jikoni na bakuli dogo la ute wa bamia, akaliweka chini karibu na mguu wangu, akarudi. Nikapiga magoti pale barazani na suruali yangu ya Jumapili. Nikachonga ncha ya mpini kwa kisu cha mzee iingie kwenye mkunjo. Nikapaka. Nikasugua. Jasho liliniingia machoni. Mshono ulilia, nikadhani umekatika. Haukukatika. Nikaendelea mpaka mti ukaanza kuteleza.

Mzee akauchukua, akaupitisha mdomoni mahali pale, mara mbili. Kisha akasimama, akaufunga kiunoni juu ya shati jeupe, akaketi tena, akaanza kumwuliza mjomba habari za mvua. Sikujua nifikiri nini. Kwa nini hasemi? Nilimtazama mjomba, naye akatazama mlimani.

Ndipo yule mama akatoka jikoni na sinia la bugali. Nilisogea kumpisha na kumsalimu kama siku zote. Aliponiona, kisha akauona mkanda kiunoni mwa mumewe, akasimama palepale. Akavuta kitambaa chake akajifunika uso, akageuka, akazunguka nyuma ya nyumba na sinia lake. Nikaumia. Nikadhani bado ana hasira ya bamia. Kisha nikaisikia sauti yake nyuma ya ukuta, akimwambia binti yake, kwa sababu kwetu mama hatazamani na mume wa mtoto wake wala hasemi naye uso kwa uso.

"Ambia mukwe asogeze kiti, mi nipite."

Nilisogeza kiti. Nikageuza uso ukutani, na nilisimama hivyo nikitabasamu kwenye udongo mpaka nikasikia nyayo zake zimepita.