Hedi Iliyopita Njia Panda ya Adjumani

Juzi nilikwenda soko la Konyo Konyo, hapa Juba, kutafuta mafuta ya kupikia, mtoto mgongoni, nikapita mbele ya duka la spea. Ukutani wametundika gasketi za hedi, yale mabamba ya kuziba injini isivuje, nene, nyembamba, za shaba, za chuma, kila moja ndani ya nailoni yake. Nikasimama. Kijana wa duka akauliza, "Dada, ya gari gani?" Nikamjibu vibaya, maskini, na hakuwa amenikosea lolote. Lakini wewe ungefanyaje? Utoto wangu mzima ulingoja kitu kimoja kama kile, na leo kinaning'inia pale kama kandambili.

Ilikuwa miaka ile ya amani, kabla hatujapiga kura ya kujitenga. Watu walikuwa wakirudi kutoka Uganda na magodoro kichwani. Baba alinileta mtaa wa Atlabara, hapa Juba, kwa bibi, mama yake, nianze shule. Mama akabaki kambi ya wakimbizi kule Uganda, upande wa Adjumani, avune karanga zake kwanza. Baba alimwahidi kwamba atamfuata kwa lori lake mwenyewe. Kaka zake mama walikuwa wamemcheka kwamba kamwoa dada yao kwa miguu, na maneno hayo yalimkaa kooni.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, lenye pua ndefu, alilipata karibu na bandari ya mto limeota majani. Injini ilikuwa imechemka sana zamani, mpaka hedi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda, ikapinda. Baba alisimamisha rula ya chuma juu yake, mimi nikamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukapenya katikati, mwembamba kama uzi. "Unaona?" akasema. "Gasketi haiwezi kuziba hapo." Ilibidi ikwanguliwe kwa mashine mpaka inyooke, na mashine ya namna hiyo hapa Juba hatukuijua. Akaizungushia blanketi langu, akaipakata kwenye lori la mtu hadi Kampala.

Nikabaki na bibi na injini iliyo wazi. Kazi yangu ilikuwa kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa mafuta ya taa na kisu cha bibi cha bamia, polepole, nisichubue chuma. Bibi alilalamika mchuzi unanuka taa, na kweli ulinuka. Jumamosi wasichana wenzangu walikaa chini wakisukwa na mama zao. Vidole vya bibi vilishakakamaa, kwa hiyo mimi nilikwenda kanisani na kichwa kama kichaka. Nilikuwa nikijifungia ndani ya lori, nasikiliza jenereta za majirani, napanga mama atakaa wapi na mimi nitakaa wapi. Hakuna aliyenitafuta humo.

Hedi ilirudi inang'aa. Sasa, hedi ikikwanguliwa inapungua kimo, kwa hiyo inataka gasketi nene kidogo kufidia. Baba alijua hilo. Lakini sokoni alipata nyembamba tu, naye alikuwa na haraka, akafunga hivyo hivyo. Lori likagonga kama mtu anayepiga sufuria, likachemka kabla ya kufika Nesitu, barabara ya kwenda Uganda, wakalivuta kwa kamba kulirudisha. Hedi imepinda tena. Akaibeba tena Kampala.

Baada ya hapo akawa mtu mwingine. Kila gasketi aliyoletewa aliikataa: hii tundu lake la maji ni dogo, hii laini mno, hii itaungua. Msimu wa karanga ukapita, na mwingine. Jirani yetu Mkenya, mpishi wa hoteli, alikuwa akimchokoza: "Mzee, hiyo hedi inaijua Uganda kuliko mama watoto!" Baba alicheka. Bibi hakucheka.

"Ya jena," alimwambia, kwa sauti ile ya kumwita mtoto, "mke si saruji umbebe kwa lori. Basi zinapita kila siku. Panda!"

"Nitamleta kwa gari langu, mama. Wanione."

Mwishowe ikapatikana ya shaba, nene. Aliiweka juu ya jiko la makaa la bibi mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ili ilainike, akaifunga. Lori likawaka, likatulia, halikuvuja hata tone. Bibi akapiga vigelegele. Baba akaondoka anapiga honi, mimi nikafua shuka.

Aliporudi nilikimbilia mlango wa abiria. Nilipoufungua nikakuta magunia ya karanga kwenye kiti.

"Yuko wapi?"

"Amesema asante kwa lori," baba akasema. "Amesema ameshazoea kuishi bila sisi."

Bibi alinipa ungo, akaniambia nikae nimenye karanga.

Sitasema uongo, lori hilo hilo ndilo lililonisomesha sekondari, Kenya. Mara ya kwanza nakwenda, basi lilisimama njiani upande wa Uganda, abiria washuke. Nikaona kibao kwenye njia panda: Adjumani, kushoto kwako ukitoka Kampala. Ndipo nikaelewa. Mara mbili kwenda, mara mbili kurudi, baba alipita pale kapakata chuma ndani ya blanketi langu, na hakushuka. Hakutaka aonekane anakuja mikono mitupu. Mwanamke yuko pale, umempita, kwa sababu ya macho ya shemeji zako! Hasira niliyoipata kwenye kiti kile cha basi bado ninayo. Nikimnyonyesha huyu wangu inapanda upya.

Mama alifia kule kabla sijafika kidato cha nne. Bibi naye hayupo. Lori lilikatwakatwa likauzwa kama chuma chakavu, na ule uwanja wetu Atlabara sasa una ukuta na mlinzi ambaye hanijui. Baba yupo, hatuzungumzi mengi.

Ngurumo ya lori lile naikumbuka yote, lilivyokohoa asubuhi, lilivyotulia likishapata moto, nikitaka nakuigizia sasa hivi. Sauti ya mama siikumbuki. Nimejaribu.