Mgeni wa Ripeka

Jumapili asubuhi ukungu wa ghuba ya Hokianga, kaskazini mwa New Zealand, hupanda taratibu kutoka majini hadi kwenye madirisha ya nyumba ya matunzo, na Ripeka, katika kiti chake cha magurudumu, huwa hana hakika kama yuko macho. Ndani ya weupe ule humwona bibi yake amesimama uani, akitoa ule mwito mrefu ambao wanawake wa kwao huwakaribishia wageni. Baada ya mwito huja chakula. Hakuna aliyewahi kuitwa pale akaondoka na njaa.

Kisha gari kuukuu la mjomba Hohepa hutokea langoni, na ndoto huyeyuka. Wawili hao hukaa sebuleni, wakizungumza kidogo. Kengele ya chakula ikilia, mjomba hurudi garini kula mkate wake peke yake. Wageni hawalishwi, ndiyo kanuni ya nyumba. Ripeka humtazama dirishani kwa aibu. Tangu mama yake afariki na yeye kuletwa hapa, aliamini kwamba analishwa kwa huruma. Anayelishwa kwa huruma atamkaribisha nani?

Siku moja alimwambia hivyo Makareta, mpishi, aliyekuwa akimenya viazi vitamu.

“Huruma gani, mwanangu?” Makareta alishangaa. “Serikali kule Wellington inakulipa posho ya ulemavu. Sehemu kubwa inakatwa kabla hujaiona: kitanda chako, umeme, hata mifupa ya nguruwe inayochemka hapa. Kinachobaki ndicho unachonunulia shampuu.”

“Kwa hiyo hii sufuria…”

“Kipande chake ni chako. Chagua upande, nikuwekee alama.”

Ripeka alicheka mpaka kiti kikatikisika. Wiki nzima alikuwa kama mtu anayeelea. Aligusa kuta, mapazia, kijiko chake, kama vitu vilivyorudi kutoka safari ndefu.

Jumapili iliyofuata alimwomba Makareta amsukume hadi mlango wa mbele. Mjomba Hohepa alikuwa akifungua lango. Ripeka akavuta pumzi. Sauti yake, ambayo kwa uzito wa ulimi wake watu huikisia tu hata anapoomba chai, ilitoka ndefu kama ule mwito wa bibi yake, ikakwama, ikaendelea, ikavuka majani yaliyolowa umande na kupotea katika ukungu.

Mjomba alisimama. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akaja polepole sana, kama wanavyokuja watu walioitwa.

Bi Glenys, meneja, alitoka ofisini. “Kuna nini hapa?”

“Mgeni ameitwa,” Makareta akasema. “Sasa lazima ale.”

“Ameitwa na nani?”

“Na mwenye nyumba.”

Bi Glenys alishusha pumzi. “Ripeka, kanuni unaijua. Nikimlisha mmoja leo, Jumapili ijayo utaniletea ukoo mzima.”

“Ukoo mzima hauna petroli,” mjomba akasema.

Ripeka alianza kusema. Maneno yalikuja moja moja, na Bi Glenys, ambaye kwa kawaida humalizia sentensi za watu, safari hii aliinama akasubiri.

“Kata… kwenye… changu. Kile kinachobaki.”

“Hiyo ni pesa yako ya shampuu.”

“Nitanuka.”

Makareta aligeuka upande kuficha kicheko. Bi Glenys akausukuma mlango ukafunguka wote.

“Sahani moja,” alisema. “Nitaikata kwako.”

Wakaketi mezani, mjomba mkono wa kulia wa Ripeka. Mvuke wa supu na mboga za mwitu uliwafunika nyuso. Mjomba alionja, akatafuna bila haraka, akaonja tena.

“Chumvi imepungua,” alinung’unika.

Garini, juu ya mkate wake mkavu, hakuwahi kulalamika. Ripeka aliyasikia manung’uniko yale yakimshukia kifuani kama joto.

“Makareta,” alisema, na wote mezani wakamwelewa, “msogezee mgeni wangu chumvi.”