Kiti cha Vigunzi

Nianze na ujinga wenyewe, kwa sababu nikichelewa kuusema nitaanza kujitetea, na mimi nikijitetea huwa nadanganya vizuri sana. Nilifungua zipu ya kiti cha dereva cha pikapu ya baba, nikatoa sponji yote ya kukalia, nikajaza vigunzi vya mahindi. Ni vile vigunzi ambavyo mama huviweka kwenye gunia jikoni kwa ajili ya kuwashia mkaa. Nilivipanga kwa ustadi, vinene vikae katikati, halafu nikafunga zipu na kupigapiga juu kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Sponji nikaipeleka chumbani kwangu nikaifanya mto.

Sikuwa na nia ya kumuumiza baba. Sawa, nilikuwa na nia ya kumuumiza kidogo, pale pale wanapochoma sindano. Nilitaka aiache ile pikapu, achague kombi ambalo mzungu mmoja alitaka wabadilishane nalo.

Ile pikapu lazima niieleze. Baba aliinunua ikiwa gari la kawaida, lenye adabu zake, halafu akaanza kuitengeneza. Kazi yake ni kuwafuata wageni wanaoendesha baiskeli kandokando ya ziwa Kivu: anawabebea mabegi, anawasubiri juu ya kila kilima wanapoishiwa pumzi. Alidai njia ile inataka gari lenye moyo. Akaifungia springi za lori. Akaiwekea matairi makubwa mpaka ikabidi akate mabati ya pembeni ili yapate nafasi ya kuzunguka. Akaiwekea bomba la injini kupumulia majini, refu kama shingo ya bata, na mataa juu ya paa, na bampa ya chuma inayoweza kubomoa kanisa. Nyuma akachomelea tangi la maji, kiti cha nyuma kikasimama wima kama ukuta. Ukikaa, magoti yanakusalimia kidevu. Kila baada ya muda kitu kipya kiliongezwa, na hakuna hata kimoja kilichomfikiria binadamu aliye ndani.

Asubuhi akinishusha karibu na shule, wenzangu walijipanga wakanipigia saluti. "Afande! Vita iko wapi?" Na kushuka ni neno la heshima tu. Nilikuwa naruka.

Mama alikuwa na kigoda chake maalumu cha kupandia. Mara ya mwisho kukitumia ilikuwa siku ya arusi ya binamu yake kule Kanama. Alivaa mshanana, vazi letu la sherehe, wa rangi ya machungwa, nywele zimetengenezwa tangu alfajiri, akaingia mbele kama waziri. Tulipofika alitoka amejikunja, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kichwa mahali kilipogonga chuma cha dirisha. Wageni wa arusi walidhani amekuja kuombewa.

Niseme hapa kwamba baba alikulia Tanzania na mama alikulia Goma. Nyumbani kwetu, hapa Rugerero, tunaongea Kinyarwanda, lakini wakitaka kutaniana au kugombana wanahamia kwenye Kiswahili, kila mtu na cha kwake.

"Mi siwezi panda tena ile kintu," mama alimwambia siku ile. "Nilizala batoto mbili bila kulia. Lakini barabara ya Kanama, nililia."

"Mama watoto, lile ni gari la kazi."

"Bon. Basi mimi niko bibi ya mapumziko. Nitapanda moto."

Na kweli, tangu siku hiyo akawa mtu wa pikipiki. Kigoda kikarudi jikoni.

Sasa, ubaya wa pikapu ndio uliokuwa unanipa baba yangu. Hili sikulijua wakati ule. Gari lile hakuna mtu angeweza kulala ndani yake, na nyumba za wageni baba hazipendi, anasema shuka zake zina siri za watu. Kwa hiyo hata wageni wake wakilala mbali kule Karongi, yeye aligeuza gari akarudi nyumbani. Aliingia sebuleni amekauka kama ubao, akajilaza kifudifudi kwenye mkeka, akaita: "Bwana mdogo! Njoo unikanyage."

Nilivua soksi nikapanda juu ya mgongo wake. Nilitembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, nimeshika ukuta, huku nikimsimulia vituko vya shule. Nilimwigiza mwalimu wa jiografia anavyotafuta miwani iliyo usoni kwake. Nilimwigiza msimamizi wa nidhamu anavyotembea. Baba akicheka, mgongo ulitikisika chini ya nyayo zangu, nikawa nusura nianguke, naye ndipo akazidi kucheka. Mimi huwachekesha watu wengi, lakini ni mmoja tu ambaye kicheko chake nilikisikia kwa miguu.

Halafu akaja mzungu na kombi lake.

Yeye na mke wake walikuwa wamezunguka nchi kadhaa wakiishi ndani ya lile gari. Walikuwa wameegesha karibu na ufukwe, na baba alikwenda kuwasaidia betri. Mzungu alipoiona pikapu alisahau betri. Alilala chini akaikagua tumboni, akainuka na vumbi masikioni, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeonyeshwa mchumba. Walitaka kuvuka Kongo, akasema, na kombi lao halitaweza. Je, baba angekubali wabadilishane? Gari kwa gari, hakuna cha kuongeza.

Jioni hiyo baba alikuja na lile kombi ili tulione. Nakiri nilipotea pale pale. Lilikuwa na kitanda nyuma chenye godoro nene. Lilikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili, sinki dogo kama la mwanasesere, mapazia ya maua, meza inayokunjwa. Mlango wake ulikuwa wa kusukuma pembeni, na ngazi yake ilikuwa chini hata bata angepanda. Mama aliingia bila kigoda. Aliketi kwenye kitanda, akajirusharusha kidogo, akavua viatu. Mama akivua viatu, ujue jambo limemwingia.

"Likizo tunakwenda wote," mimi nikaanza. "Tunaegesha Karongi, mama analala hapo, mimi napika chai huku natazama ziwa, na baba..."

"Na baba anaendesha," akasema baba. "Hili ni gari la wapishi. Kwenye tope litakaa chini lilie."

Akaomba siku chache afikirie. Akalirudisha kombi ufukweni. Nilimwona akiizunguka pikapu yake uani, anaipapasa bampa kama mtu anayeaga ng'ombe, nikajua tunashindwa. Ndipo nikakumbuka gunia la vigunzi.

Siku ya kwanza alirudi akitembea ametanua miguu. Siku ya pili alikula amesimama.

"Kiti kimechoka," akasema. "Kinanichoma huku chini mpaka basi. Na sasa mpaka huku juu, mgongoni, kama kuna mtu amekaa nyuma ananidunga vidole."

Nilijiuma mdomo. Mgongo wa kiti mimi sikuugusa. Nikajiambia maumivu ya mtu mzima huwa yanapanda yenyewe, kama maji kwenye utambi. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Nikukanyage?" nikauliza.

"Leo hapana. Leo hata inzi asinitue."

Kesho yake akakubali kombi. Mzungu alipanda kwenye pikapu, akakaa, akashtuka, akakaa tena, akanyoosha kidole gumba juu. Aliondoka anapiga honi, amekalia vigunzi vya mama yangu. Labda hadi leo anadhani kiti hicho nacho ni ufundi wa baba.

Jumapili ya kwanza tulikwenda wote Nyamyumba, kwenye maji ya moto. Mama alikaa mbele miguu peku juu ya dashibodi, anawapungia watu asiowajua. Tulipika chai ndani ya gari, nikamwaga nusu, tukacheka. Nimeiweka hiyo Jumapili mahali pake, maana haikupata ndugu.

Wageni waliosikia habari za kombi walilipenda kuliko baiskeli zao. Mvua ikinyesha waliingia ndani wakapewa chai ya moto. Kazi ikaongezeka. Baba akagundua kwamba wakilala Karongi naye anaweza kulala Karongi, wakilala Rusizi naye analala Rusizi, kwenye godoro lake, shuka zake, mapazia yake ya maua. Kwanza alikuwa anapiga simu kueleza kwa nini harudi. Baadaye akawa anapiga simu tu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Shule?"

"Ipo."

Ningemwigiza mwalimu wa jiografia kwenye simu, lakini ule ni mchezo wa macho. Nilijaribu mara moja. Mtandao ukakatika katikati, nikabaki na uso wa mwalimu peke yangu, mbele ya kabati.

Kilichoniuma hasa ni umuganda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nchi nzima inashika majembe na magari yanasimama mpaka kazi iishe. Zamani baba alikuwa lazima afike nyumbani Ijumaa, la sivyo asubuhi imkute njiani ndani ya pikapu ile, adhabu isiyo na kifani. Ijumaa ile nilimsubiri. Niliosha miguu kabisa. Ikapigwa simu: yuko kando ya barabara huko Rutsiro, ameegesha vizuri, asubuhi atafanya umuganda na watu wa huko, wamempa jembe.

Mimi nikaenda kuzibua mitaro na majirani. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji chetu, naye mtu wa Goma, akanitazama na koleo langu.

"Papa iko wapi?"

"Iko mu kitanda yake ya matairi," nikamjibu kwa Kiswahili chake.

Watu walicheka sana. Lilikuwa jibu zuri. Nilichimba ule mtaro kwa nguvu ambazo sikuwa nazo, na mtu mmoja akasema angalau mtoto anafanya kazi ya wawili.

Nyumba yetu ilizidi kuwa kubwa. Dada yangu yuko chuo Huye, kwa hiyo tulibaki mama na mimi, na mkeka umekunjwa nyuma ya mlango. Mama anacheka vichekesho vyangu, lakini anachelewa. Anacheka nikishaondoka, namsikia kutoka chumbani. Niliacha kusimulia mezani. Nikilala, ile sponji chini ya kichwa changu ilikuwa bado inanuka dizeli na jasho la baba, nikawa naigeuza upande ambao bado unanuka.

Mwezi uliofuata alikuja. Ijumaa, saa ya chakula, tukaliona kombi likiingia uani polepole, halitoi hata mlio. Pikapu ilikuwa ikimtangaza tangu kule barabarani. Baba amenenepa kidogo, uso umetulia. Tulikula. Nikakunjua mkeka, nikavua soksi.

"Baba, nikukanyage?"

Alinishika kichwa, akakitikisa. "Ah, bwana mdogo, mgongo umepona. Lile godoro ni dawa."

Nikabaki nimesimama na soksi mkononi. Akapiga miayo, akasema hata usiku huu atalala kule kule ndani, asije akauzoesha mgongo kitanda kingine halafu barabarani ukamgomea. Akamwambia mama karibu, kitanda kinatosha wawili wakibanana. Mama akasema usiku kuna baridi uani, na mlango wa nyumba nani ataufunga.

Asubuhi nilichungulia dirishani. Kombi lilikuwa katikati ya uwanja wetu, mapazia yamefungwa. Mama akatoka jikoni na birika la chai na kikombe kimoja. Alifika kwenye lile gari, akasimama, akajirekebisha kitenge. Halafu akagonga bati kwa kidole kimoja.

"Hodi," akasema.

Mama yangu alipiga hodi kwa mume wake, kwenye uwanja wake mwenyewe, akasubiri ajibiwe kama mgeni.

Baba alikwenda umuganda, akachekesha watu, mchana akaondoka. Uwanjani zikabaki alama za matairi membamba.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kile kigoda chake cha zamani, anawasha mkaa, mkono mmoja ndani ya gunia la vigunzi. Sikuwa na kichekesho cha kutangulizia. Nikamwambia yote: zipu, sponji, namna nilivyovipanga vinene katikati. Nikamwambia kama si mimi baba angekuwa anarudi kila siku amekauka kama ubao, lakini anarudi. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtoa baba nyumbani.

Mama alisukuma kigunzi kimoja chini ya mkaa, akakipulizia mpaka kikashika. Moshi ulimwingia machoni, au aliuacha umwingie.

"Ile ya chini ilikuwa ya kwako," akasema. "Ile ya ku mugongo ya kiti ilikuwa ya kwangu."