Jina Nililolimeza

Nilipokuwa mtoto tukikaa mtaa wa Mbotela, miaka ya tisini, nilikuwa mwalimu mwenye mwanafunzi mmoja tu: mdogo wangu Simiyu, wa miaka mitano. Hakuwa akisema neno. Ukimwita ni kana kwamba hujafungua mdomo, ilhali kishindo kidogo tu kilimfanya azibe masikio na kulia mpaka sauti imkauke. Alichopenda duniani ni vifuniko vya soda. Alivipanga mstari kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda, na ole wako ukanyage kimoja.

Nami nikapata ujanja. Naita, "Simiyu!" Akigeuka, hata kwa bahati, nampa kifuniko. Siku za kwanza nilikaukiwa koo bure. Ilinichukua karibu mwaka mzima, lakini aligeuka. Akawa anageuka hata nikimwita kule nje kwenye mfereji, watu wakiteka maji na kelele zao. Haki ya Mungu, sijajivunia kitu kama hicho mpaka leo.

Kisha Kukhu, mama yake Baba, akaja kutoka nyumbani, Magharibi. Neno lake halikuwa na rufaa. Alimtazama Simiyu siku mbili, akatoa hukumu: "Mtoto haitiki kwa sababu hilo jina si lake. Kuna mzee wetu amekasirika."

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Akinyamaza kwa jina fulani, basi hilo ndilo lake. Kukhu alisema hata huyu wa miaka mitano hajachelewa.

Nyuma ya nyumba yetu mafundi walikuwa wakigonga masanduku ya bati kutwa. Siku hiyo waligonga kama wamelogwa, na Simiyu akawa analia huku akijipiga ngumi kichwani. Kukhu akampakata kwa nguvu, akaanza kutaja wafu. Masika. Analia. Wanyonyi. Analia. "Khaemba!" Kimya. Mama akapiga kigelegele, Baba akavua kofia.

"Kukhu," nikasema, "ni nyundo zimenyamaza. Mafundi wameenda kula."

Nilizabwa kofi ambalo bado nalisikia.

"Koma! Kuanzia leo anaitwa Khaemba. Atakayemwita lile jina lingine anamuua, umesikia? Anamuua."

Nikaamini. Nilikuwa na miaka kumi, na aliyesema ni Kukhu. Nilimwita Khaemba, Khaemba, vifuniko mkononi, na yeye akaendelea kupanga vyake bila kuniangalia. Mama aliliona hilo. Lakini nani angethubutu kumpinga mama mkwe?

Mwezi haukuisha. Jumamosi moja asubuhi nilitumwa mafuta ya taa, nikaenda naye. Kando ya Jogoo Road lori likapiga honi. Akachomoka mkononi mwangu, masikio ameyaziba, akajitosa kwenye watu. Nilimwona. Sweta yake nyekundu haikuwa mbali hata kidogo. "Khaemba! Khaemba!" Hakugeuka. Jina lake lilikuwa pale mdomoni, tayari kutoka. Nikaogopa nitamuua. Nikalimeza. Sweta ikapita nyuma ya basi, na basi lilipoondoka sikuiona tena.

Tulimtafuta hadi Pumwani, vituo vya polisi, hospitali, mochari. Mtaa mzima ulizunguka ukiita Khaemba. Hatukumpata, si siku hiyo, si mwaka huo. Kukhu alisema mzee amechukua wake, akafunga mzigo akarudi nyumbani. Amekufa sasa, na bado sijamsamehe.

Leo nina mtoto wangu. Alipofika miaka miwili bila neno nilimpeleka kwa daktari wa watoto. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ukimwita jina lake, anageuka?" Nililia mpaka akainuka kufunga mlango. Akanieleza kuhusu usonji: kwamba mtoto huzaliwa nao, kwamba hakuna aliyemroga wala mzazi aliyekosea, kwamba si homa ya kumezea dawa ikaisha, ila mtoto hufundishika. Kisha akanipa kazi ya nyumbani. Mwite. Akigeuka, mpe anachokipenda. Tena na tena.

"Inataka subira," akasema. "Utaweza?"

Nikamwambia nilishaifanya.

Mama bado humwombea Simiyu kila Jumapili, kwa sauti, kwa jina la Khaemba. Mimi hukaa kando yake nimekunja ngumi. Majuzi nilishindwa kuvumilia. "Mama, huyo Khaemba Mungu hamjui. Hata mimi simjui."

Alikunja na kukunjua leso yake. Kisha akauliza polepole, bila kunitazama, "Kwani siku ile ungemwita lile jina lingine, angegeuka?"

"Angegeuka, Mama."