Ghorofa Lisilo na Uani

Hamida alikuja kumkanda mwanawe Munira, aliyejifungua juzi. Siku arobaini, kazi ya mama. Hakuja kushangaa ghorofa. Ila ghorofa lenyewe halikupitika bila kutazamwa: refu, vioo vitupu, limejisokota toka chini hadi juu kama nguo inayokamuliwa. Kinondoni nzima imepiga nalo picha.

Mkwewe, Farhan, akampokea mlangoni.

"Shikamoo mama. Lifti hii hapa."

Hamida akakitazama kile kisanduku. Kwao Newala mtu na mkwewe hawakalii hata mkeka mmoja. Leo wakabanane humo?

"Marahaba. Tangulia."

"Tunaenea, mama."

"Nimesema tangulia!"

Kisha Hamida akapanda peke yake hadi ghorofa ya kumi na tisa, amekasirika. Huko juu ndiyo balaa. Jiko linatazamana na makochi, ukuta hakuna, uani hakuna, choo kinafungukia sebuleni.

"Mchoraji wa jengo kaondoa kuta makusudi, mama, mwanga upite," Farhan akasema, anang'aa. "Ukisimama hapa bahari unaiona, na huku Sinza yote."

"Na mie unaniona?"

"Mama?"

"Wewe, baba! Nikiinama jikoni, nikitoka kuoga. Huyo mchoraji hana mkwe?"

Munira akacheka kule kitandani, mlango wa chumba u wazi, kashika tumbo. "Mama jamani, watu wanazililia nyumba hizi."

"Wazililie. Twende kwangu Temeke, nina uani na ukuta."

Munira akaacha kucheka. "Kukaa tu siwezi, mama, Temeke nitafikaje? Na ukiondoka, nani anikande?"

 Hamida kumwacha mwanawe hawezi. Kuvunja heshima yake pia hawezi, na umri huu hajifunzi.

"Basi atoke yeye."

"Nani?"

"Mwenye nyumba. Si ana dada Madale? Akae huko hadi arobaini."

"Mama, nimehamia mwezi uliopita," Farhan akasema. "Hata sijaizoea."

"Utaizoea nikiondoka."

Farhan akamwangalia mkewe. Mkewe akaangalia kichanga. Basi Farhan akatia mashati matatu kwenye begi.

"Na mtoto nitamwona lini?"

"Piga simu kwanza. Nikishajifungia chumba kingine, uingie."

Mlango ulipofungwa, Hamida akavua baibui, akajifunga kanga kifuani, akajaza maji sufuria kubwa.

"Jiandae, mwanangu. Na hili jiko lenu linawashwaje? Moto wenyewe siuoni!"